Kupima mitishamba maabara kama inaua vijidudu: maswali yanayojirudia kila siku

Haya maswali nimeyakusanya kidogo kidogo, mengine kwa wanafunzi wanaofanya mradi wa mwaka wa mwisho, mengine kwa waganga wanaokuja maabara na chupa zao, mengine kwenye misiba na harusi kabisa, mtu akishajua unafanya kazi gani anakuvuta pembeni. Nimeanza na ya msingi halafu yale yanayosumbua, na kama jibu lipo tayari sehemu nyingine nimeweka namba ya swali uende huko.

## Mambo ya msingi

1. Hivi kuskrini mimea maana yake nini hasa?

Ni kuchuja. Una mimea mia inayosemekana inatibu homa, vidonda, kuhara, kikohozi, huwezi kuifanyia yote utafiti wa miaka kumi kumi, kwahiyo unaipitisha kwenye kipimo kimoja cha haraka: unaweka ekstrakti ya mmea (yaani kile kilichotolewa ndani yake kwa maji au kiyeyushi kingine) pamoja na kijidudu kilicho hai, unasubiri, unaangalia kama kimekufa au kimeacha kuzaliana. Inayojibu inasonga mbele, isiyojibu inakaa kando kwanza (haitupwi, soma swali la 17).

Kijidudu kinaweza kuwa bakteria, fangasi, kirusi, kimelea cha malaria, hata minyoo, na kila kimoja kina kipimo chake. Ndio maana mtu akiniambia "mmea wangu umepimwa maabara umeonekana dawa", swali langu la kwanza huwa umepimwa dhidi ya nini, na la pili kwa kiasi gani.

2. Kwani si bibi zetu walishajua, maabara inaongeza nini?

Walijua mengi na sisi tunaanzia kwao, hilo lazima lisemwe wazi. Lakini bibi alikuwa anaona mgonjwa mzima, homa imeshuka au haijashuka, na homa inashuka kwa sababu nyingi, dawa imeua kimelea, au imeshusha joto tu kama paracetamol inavyofanya, au ule ugonjwa ungeisha wenyewe baada ya siku tano. Maabara inakutenganishia hizo sababu, inakwambia ni sehemu gani ya mmea, kiasi gani, dhidi ya kijidudu gani, na inaumiza nini kingine mwilini.

3. Mnachaguaje mmea wa kuanza nao?

Kuna wanaookota chochote, kuna wanaofuata ukoo (kama mmea mmoja una alkaloidi fulani, aina ya kemikali za mimea, na ndugu zake unawapima), na kuna wanaofuata matumizi ya watu. Huku kwetu wengi tunafuata matumizi, kwasababu hazina ipo hai bado, wazee wapo. Njia nzuri ni kuuliza waganga wa sehemu tofauti wasiojuana, mmea ukitajwa Tanga na ukatajwa tena Kigoma kwa kazi ileile, huo unapanda juu ya orodha.

Angalia lakini lugha ya ugonjwa. "Homa" si malaria peke yake, "mchango" ni magonjwa kumi tofauti kutegemea umeuliza wapi, na mwarobaini jina lake lenyewe linasema unatibu magonjwa arobaini, sasa ukiupima kwa kijidudu kimoja ukakuta kimya usikimbilie kusema wazee walidanganya.

4. Kuna dawa za kweli zilizopatikana kwa njia hii au ni stori tu?

Zipo, na malaria ndiyo mfano mkubwa. Kwinini ilitolewa kwenye gome la sinkona mwaka 1820 na Pelletier na Caventou kule Ufaransa, na mti wenyewe baadaye ukaja kupandwa mpaka kwetu, Amani kule Usambara na Kivu upande wa Congo.

Ya pili ni artemisinini, ambayo ukimeza dawa mseto ya malaria leo unameza molekuli iliyotengenezwa kutokana nayo. China walianzisha mradi wa siri tarehe 23 Mei 1967, wakauita 523 kwa hiyo tarehe, na mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou akapewa timu. Wakapitia maelfu ya maandiko ya tiba za zamani, wakapima ekstrakti mia kadhaa kwenye panya wenye malaria, nyingi hazikufua dafu. Ekstrakti namba 191, Oktoba 1971, ikasafisha vimelea vyote. Mwaka 1972 wakapata molekuli safi, na Tu akapewa Nobel mwaka 2015. Kilichomkwamua nimekieleza swali la 7, ukisome vizuri.

Sasa upande wa bakteria ni tofauti na hili watu hawapendi kulisikia: antibayotiki karibu zote tunazomeza zimetoka kwenye vijidudu vya udongoni na ukungu, au zimetengenezwa na wakemia, na hakuna hata moja ya kumeza au kudungwa ya kawaida hospitali iliyotoka moja kwa moja kwenye mmea. Sababu ipo swali la 16. Haina maana tuache kutafuta, maana usugu wa vijidudu dhidi ya dawa (UVIDA) unazidi na hata artemisinini imeshaanza kuchelewa kuua vimelea Rwanda, Uganda na mkoa wa Kagera.

## Kuchuma na kuandaa ekstrakti

5. Nachuma sehemu gani na nakaushaje?

Ile ile anayotumia mganga. Akisema mizizi chuma mizizi, usilete majani kwasababu ni rahisi kuchuma halafu useme umepima dawa yake. Kausha kivulini penye hewa, jua kali linaharibu baadhi ya molekuli na mafuta yanayonukia yanapotea, geuza kila siku maana ukungu ukiota umeharibu kila kitu (ukungu nao unatengeneza vitu vya kuua bakteria, utakuja kusifia mmea kumbe ni ukungu). Ikivunjika kwa vidole saga.

Magome naomba sana: usizungushe mti. Ukibandua gome duara zima mti unakufa, chukua kipande upande mmoja tu. Muthiga kule Kenya, yaani Warburgia ugandensis, na mwiruti yaani Prunus africana, imeteswa sana kwa staili hiyo, na kwa Prunus ilifika mahali biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995.

6. Kwanini mnasumbua watu na mambo ya hebariamu?

Kwasababu jina la kienyeji si kitambulisho. Mti mmoja una majina sita, jina moja lina miti mitatu. Unachuma tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, unalibana kwenye magazeti, unalipeleka hebariamu, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa (ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au ya Makumbusho ya Taifa Nairobi), linapewa namba na mtu wa botania anathibitisha. Andika na mahali na tarehe.

Kuna kisa cha Sarawak, Malaysia. Mwaka 1987 watafiti wa taasisi ya saratani ya Marekani walichuma sampuli za mti wa Calophyllum, maabara ikaonyesha unazuia virusi vya UKIMWI, wakarudi kutafuta zaidi wakakuta mti wenyewe umeshakatwa. Miti mingine ya jamii ile ile waliyoipata haikuwa na ile molekuli kwa kiasi walichotaka. Kilichowaokoa ni kwamba walijua wanatafuta nini, wakafuata ndugu zake mpaka wakapata molekuli ya karibu. Sasa wewe huna hata tawi lililokaushwa, utarudi porini kutafuta nini?

7. Nitumie maji au methanoli au nini?

Inategemea unauliza swali gani. Kama unataka kujua anachokunywa mgonjwa kina nguvu gani, andaa kama mganga anavyoandaa, akichemsha chemsha, akiloweka usiku loweka. Kama unataka kujua mmea una nini ndani, tumia viyeyushi kwa ngazi, heksani kwanza inachukua mafuta na nta, halafu dikloromethani au ethili asetati, mwisho methanoli na maji. Loweka saa 24 mpaka 72, tikisatikisa, chuja, kausha kwa rotavapo (mashine ya kuvukiza kiyeyushi) kwenye nyuzi 40 hivi, ya maji igandishe uikaushe kwenye baridi kama mashine ipo.

Hapa ndipo penye kisa cha Tu Youyou. Timu yake ilikuwa inachemsha qinghao (ndio artemisia, mmea unaotoa artemisinini), mara inajibu mara haijibu, wakakaribia kuiacha. Akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, kimeandikwa chukua qinghao fungu moja, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna mahali pamesema chemsha! Akajiuliza huenda moto ndio unaua dawa, akahamia etha ambayo inachemka kwenye nyuzi 35 tu, na hapo ndipo ikaja ile namba 191. Mimi kila nikikaa na mzee anaelezea dawa namuuliza neno kwa neno: unaponda ikiwa mbichi? maji ya moto au baridi? unakunywa hapo hapo au inalala? Huwa wanashangaa mbona naandika vitu vidogo vidogo hivyo, lakini hapo ndipo dawa ilipo au inapopotelea.

8. Ekstrakti yangu haiyeyuki kwenye maji, inafanya madonge.

Yeyusha kwenye DMSO (kiyeyushi kinachochanganyika na maji) kwanza, miligramu 100 kwa mililita mfano, halafu ndio uichanganye na chakula cha bakteria. Lakini DMSO yenyewe inaua ikizidi, kwahiyo kwenye kipimo ibaki asilimia 1 au chini, kwa malaria na seli za binadamu chini zaidi ya hapo. Weka na kishimo chenye DMSO peke yake. Gawanya stoku kwenye vichupa vidogo, usigandishe na kuyeyusha chupa moja mara ishirini.

## Kipimo chenyewe

9. Duara likiwa kubwa kwenye sahani ndio dawa kali?

Hapana, na hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Kile kipimo cha kuweka karatasi yenye dawa au kutoboa shimo kwenye agari (chakula kilichoganda cha bakteria), lile duara ambalo bakteria hawajaota linategemea vitu viwili, ukali wa dawa NA uwezo wake wa kusambaa kwenye agari. Molekuli kubwa au ya mafutamafuta haisambai, inakaa pale pale, duara dogo, kumbe ni kali. Nyingine dhaifu inayopenda maji inatembea inakupa duara la milimita 22 watu wanapiga picha. Ukiweka ekstrakti nyingi shimoni pia duara linakua.

Kwa antibayotiki za kiwandani lile duara lina maana kwasababu kila dawa imepimwa miaka na kuwekewa jedwali lake, ekstrakti yako haina jedwali. Tumia duara kama kuangalia ndio au hapana, halafu nenda swali la 10.

10. MIC ndio nini na inapimwaje?

Ni kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachozuia kijidudu kuota mbele ya macho. Unachukua pleti ya vishimo 96, unaweka brothi ya Mueller-Hinton (chakula cha majimaji cha bakteria), unaweka ekstrakti kishimo cha kwanza halafu unapunguza nusu kwa nusu kwenda mbele, mikrogramu 1000 kwa mililita, 500, 250, 125 mpaka mwisho. Bakteria unawalinganisha ukungu wao na kipimo cha McFarland 0.5, ambapo wako kama milioni 150 kwa mililita, unawapunguza mpaka kishimoni wabaki laki tano kwa mililita. Usikisie hapa! Ukiweka wengi mno dawa nzuri inaonekana mbovu, ukiweka wachache hata chai ya rangi inaonekana dawa.

Inkubeta nyuzi 35 mpaka 37, saa 16 mpaka 20, halafu ongeza resazurini, ni ya bluu, bakteria walio hai wanaigeuza pinki. Kishimo cha mwisho kilichobaki bluu ndio MIC yako. Ukitaka kujua kama wamekufa au wamelala tu, kabla ya kuweka rangi chota kidogo kwenye kila kishimo paka kwenye agari mpya, wa vile vilivyobaki bluu wakiota walikuwa wamelala. Fanya mara tatu kwa siku tofauti, si vishimo vitatu vya siku moja halafu useme umerudia.

11. Nimepata MIC ya miligramu 5 kwa mililita, ni nzuri?

Pole, hiyo ni mikrogramu 5000, ni dhaifu sana. Wengi tunaofanya kazi hii tunachukulia ekstrakti ghafi ikiwa chini ya mikrogramu 100 kwa mililita ndio ya kufuatilia kwa nguvu, kati ya 100 na 625 ya wastani, juu ya hapo dhaifu. Molekuli safi tunataka chini ya mikrogramu 10.

Piga hesabu uone kwanini. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Ili damu tu iwe na miligramu 5 kwa kila mililita unahitaji gramu 25 za ekstrakti kavu ziingie zote kwenye damu kwa pamoja bila hata kidogo kubaki tumboni au kuharibiwa na ini. Kama kutoka kwenye majani makavu unapata ekstrakti asilimia 10, hiyo ni robo kilo ya majani makavu kwa dozi moja, na dawa haikai kwenye damu tu inasambaa mwili mzima, kwahiyo hata hiyo haitoshi. Linganisha na artemisinini, inayozuia kimelea kwa nanogramu chache kwa mililita, yaani kama mara milioni chini ya hiyo yako.

Kwa dawa ya kupaka kwenye kidonda hesabu inalegea, pale kiasi kikubwa kinaweza kufika mahali husika. Ndio maana dhaifu kwa kumeza si lazima iwe haina kazi kabisa.

12. Kontroli ngapi zinatosha?

Kontroli ni vishimo vya kulinganishia, na ni nne, usipunguze. Dawa inayojulikana (gentamicin au ciprofloxacin kwa bakteria, fluconazole kwa fangasi), kiyeyushi peke yake, bakteria bila dawa, na brothi tupu isiyo na kitu. Mimi naongeza ya tano, ekstrakti bila bakteria, sababu yake ipo swali la 18. Na bakteria wawe wa kumbukumbu wanaojulikana dunia nzima, Staphylococcus aureus ATCC 25923, E. coli ATCC 25922, Pseudomonas ATCC 27853, ndio uongeze na wa kutoka kwa wagonjwa. Kama gentamicin yako siku hiyo imetoa jibu la ajabu, pleti nzima haifai, hata kama ekstrakti yako imependeza vipi.

13. Malaria mnapimaje, kimelea si kinaishi kwenye damu?

Ndio, tunakifuga kwenye damu ya binadamu ndani ya chupa. Trager na Jensen waliweza hilo mwaka 1976, na sehemu ya ujanja ulikuwa rahisi mno: kimelea kinataka oksijeni kidogo, wakaweka sahani kwenye mtungi wa kioo na mshumaa unaowaka, wakafunika, mshumaa ukila oksijeni unazimika wenyewe, na hewa iliyobaki inakifaa kimelea. Maabara zisizo na mitungi ya gesi bado wanafanya hivyo mpaka leo.

Unaweka ekstrakti, unasubiri saa 48 au 72 maana mzunguko wa Plasmodium falciparum ni saa 48, unapima vimelea vilivyobaki kwa rangi inayoshika DNA, maana chembe nyekundu ya damu haina DNA yake, kinachong'aa ni cha kimelea. Pima na aina isiyo sugu kama 3D7 na aina sugu kama Dd2 au W2. Ikijibu kwenye damu inaenda kwa panya wenye Plasmodium berghei, dozi siku nne mfululizo, na hapo kuna kamati ya maadili ya wanyama kwanza.

14. TB na virusi je?

TB yenyewe inataka maabara ya usalama wa ngazi ya 3, hewa inavutwa ndani haitoki, usijaribu kabisa kwenye benchi la kawaida. Wengi wanaanza na ndugu yake mpole Mycobacterium smegmatis, anaota siku 2 au 3 wakati TB inachukua wiki, ila akijibu huyo bado unahitaji kuthibitisha kwa TB halisi.

Virusi vinahitaji seli hai za kuvifugia, kwahiyo kipimo cha sumu (swali la 15) kinaenda pamoja, seli zikifa kirusi hakizaliani na unaweza kudhani umeshinda. Watu wananiuliza sana kuhusu kikombe cha Loliondo cha 2011, ile dawa ya kunywa ya mti wa mugariga. Ule mugariga ni Carissa, na kweli miaka mitano kabla, 2006, watafiti wa Kenya walishachapisha kwamba ekstrakti ya mizizi yake inazuia kirusi cha herpes kwenye seli na kwenye panya. Herpes, kwenye seli na panya wa maabara. Kutoka hapo mpaka kisukari, saratani na UKIMWI kwa kikombe kimoja hakuna daraja, na nawasikitikia sana walioacha dawa zao wakati ule.

15. Kama kitu kinatoka kwenye mmea si hakina sumu?

Sumu kali kabisa duniani nyingine zimetoka kwenye mimea, uliza wawindaji waliokuwa wanapaka mishale. Sabuni nayo inaua bakteria na hatuimezi. Kwahiyo kila kilichojibu tunakipima kwa seli, mara nyingi seli za Vero za figo ya tumbili, tunaona kiasi kinachoua nusu ya seli, tunagawanya kwa kiasi kinachozuia kijidudu. Ikifika 10 au zaidi tunafurahi, ikiwa karibu na 1 basi dawa inaua mgonjwa na mdudu kwa pamoja. Maabara isiyo na seli inaanza na vijikamba vya maji ya chumvi, Artemia, mayai yake yanauzwa na yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili, ni picha ya haraka tu.

## Majibu yanayochanganya watu

16. Mmea wangu unaua Staphylococcus vizuri ila E. coli hata haishtuki, nimekosea wapi?

Hujakosea, karibu mimea yote iko hivyo. E. coli, Pseudomonas, Klebsiella na wenzao wana ukuta wa ziada nje unaokataa molekuli nyingi za mimea, na zinazopenya wana pampu za kuzitoa. Hii ndiyo sababu kubwa ya lile jibu la swali la 4. Ukipata mmea unaogonga Pseudomonas chini ya mikrogramu 100 rudia mara tano, ukirudi vile vile usilale.

17. Maabara imeonyesha kimya kabisa lakini watu wanapona, nani mwongo?

Huenda hakuna. Kuna molekuli ambazo hazina kazi mpaka mwili uzibadilishe, kama arbutini, ikishapita mwilini ndio inageuka kitu kinachoua bakteria kwenye mkojo, kwenye pleti utaiona mfu. Kuna mimea inayoamsha kinga, kuna inayofanya bakteria washindwe kunata kwenye utumbo bila kuwaua, kuna inayoshusha homa tu. Na kuna wakati imeandaliwa vibaya (swali la 7). Ndio maana nikasema haitupwi, ila pia mtu asiuze kwa kusema maabara imethibitisha.

18. Majibu gani ni ya uongo na nitayajuaje?

Tanini ndiyo kiongozi, ule ukakasi wa magome unagandisha protini zote ovyo, utaona inazuia kila kitu unachoipimia. Ikizuia kila kitu shuku, itoe kwanza upime tena. Saponini, yale mapovu, inapasua chembe za damu, na kwenye kipimo cha malaria chembe zikipasuka kimelea hakina pa kukaa, utasema dawa ya malaria kumbe ni sabuni. Manjano nayo, ile kurkumini yake, imedanganya watu wengi maabara duniani, inang'aa yenyewe na inashikana na kila kitu.

Halafu rangi. Ekstrakti ya kijani au kahawia inavuruga mashine inayosoma mwanga, na baadhi zinageuza resazurini pinki zenyewe bila bakteria hata mmoja, hapo ndipo ile kontroli ya tano inakuokoa. Miaka yangu ya mwanzo nilipoteza karibu mwezi mzima kwa gome moja lililokuwa linaua kila kitu, kumbe methanoli haikukauka yote, nilikuwa napima methanoli. Siku hizi napima uzito leo, napima kesho, ukishuka bado kuna kiyeyushi.

19. Mwaka jana ilijibu, mwaka huu sampuli mpya haijibu.

Msimu, udongo, umri wa mti, urefu wa jua, vyote vinabadilisha kemia. Rudi mahali pale pale mwezi ule ule, linganisha na tawi lako la hebariamu (swali la 6), maana inawezekana aliyekuchumia kachuma ndugu yake.

20. Nimetenganisha sehemu sehemu na kila sehemu ni dhaifu kuliko ekstrakti nzima!

Inatokea na ni jambo zuri sana kulikuta. Mfano ninaoupenda ni wa mimea ya Berberis, ina berberini inayoua bakteria lakini Staphylococcus anaitapika kwa pampu, sasa mmea huo huo unatengeneza molekuli nyingine ambayo peke yake haiui kitu, kazi yake ni kuziba ile pampu. Ilichapishwa mwaka 2000. Ukizitenganisha umevunja timu. Rudisha sehemu mbili mbili pamoja uone wapi nguvu inarudi. Lakini kwanza hakikisha hujaipoteza kwa moto au kwa kung'ang'ania kwenye silika, ule unga wa kutenganishia.

## Baada ya kujibu

21. Mnafikaje kwenye molekuli yenyewe?

Unagawa ekstrakti kwa kromatografia (njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika), unapima kila fungu, lililojibu unaligawa tena, mpaka ubaki na kitu kimoja, unakipeleka NMR (mashine ya sumaku inayosoma umbo la molekuli) na mashine ya kupima uzito wa molekuli kujua umbo. Kabla ya yote angalia kama si kitu kinachojulikana tayari, inauma kumaliza miaka miwili unakuta umegundua berberini upya. Muthiga niliyoitaja ilitoa hivyo muzigadiali na warburganali, zinapiga fangasi wa Candida vizuri, shida zinajishika na protini za mwili pia kwahiyo sumu inakuja palepale. Mjafari nao una alkaloidi kali zenye tatizo hilo hilo. Wengi wanafia hapa, kwenye swali la 15, si kwenye nguvu.

22. Basi artemisia na mwarobaini ninywe nyumbani?

Kwa malaria nakuomba usitegemee. Chai ya artemisia kiasi cha dawa kinabadilika kikombe kwa kikombe, unaweza kupata kidogo kinachonyamazisha homa bila kumaliza vimelea, na hiyo ndiyo shule ya usugu. WHO walisema wazi mwaka 2019 hawaungi mkono. Nenda upime, umeze dawa mseto umalize. Mtoto ndio kabisa usijaribu, malaria ya mtoto haisubiri.

23. Mimi mwanafunzi, maabara yetu haina vifaa, nifanye nini cha maana?

MIC kwa pleti za 96 na resazurini haihitaji mashine, macho yanatosha. Pima mimea 5 vizuri kwa kontroli zote badala ya 40 kwa duara, ongeza Artemia, halafu tafuta ushirikiano, Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya iliyopo Nairobi, wapo kwenye kazi hii miaka mingi. Vishimo vya pembeni vya pleti vinakauka haraka, jaza maji tu usivitumie. Na kila pleti iende otoklevu nyuzi 121 kabla ya kutupwa, hata kama ni E. coli wa mafunzo.

24. Vibali vipi vinahitajika?

Tanzania kibali cha utafiti ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI, na kuchuma kwenye hifadhi kuna kibali cha hifadhi yenyewe. Sampuli ikivuka mpaka inaingia Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kazi 2014, inayotaka nchi na jamii yenye ujuzi wakubali kwanza na wagawiwe faida. Anza mapema, inachukua miezi.

25. Mganga ana dawa inayojibu lakini hataki kuitaja, nifanyeje?

Mwelewe kwanza. Ameshaona watu wakichukua, wakiandika majina yao, wasirudi hata kusema asante. Usimlazimishe akutajie. Anaweza kuleta unga uliopewa namba tu, upimwe kwa namba, majibu arudishiwe yeye mwenyewe kwa Kiswahili anachokielewa, na akiona anaweza kuamua kuendelea. Akikubali, andikianeni makubaliano kabla ya jina la mmea kutajwa, nani anamiliki nini, jina lake litatokea wapi, kikitokea chochote anapata nini, na awe na shahidi wake. Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya 2002, awe amesajiliwa huko inamsaidia pia.

Na majibu yakitoka mabaya mpelekee vile vile, kwa miguu yako ikibidi. Mzee mmoja niliyempelekea majibu ya "haina nguvu" alikaa kimya, akauliza mliloweka au mlichemsha, tulikuwa tumechemsha, akasema nilikwambia ilale usiku. Tukarudia, na mara ya pili ilijibu.